Kula, Chemsha, Zika

Mimi ni mtu wa kusifiwa, na kwa kuwa wanaopaswa kunisifu wamechelewa, mara nyingi huanza mwenyewe. Gunia la viazi ambalo wanaume wawili hulitazama kwanza kisha wakatazamana, mimi hulitupia begani peke yangu huku napiga mluzi. Shule niliiacha darasa la tano. Wapo wanaosema shule ndiyo iliyoniacha, lakini hao hawakuwepo. Hata hivyo leo sikukaa kuandika habari zangu. Naandika habari za mdogo wangu, ambaye soko zima humwita Bi Pua, na ikitokea nikajipenyeza humu ndani mara mbili tatu, mnivumilie.

Kwanza, pua yenyewe si kubwa. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia jina hilo hutegemea kuona kitu cha kutundikia kofia. Ni pua ndogo kuliko yangu, imekaa usoni kwa adabu. Lakini alipokuwa na miaka sita tu, ilikuwa imeshanichapisha viboko vingi kuliko walimu wote. Nilikuwa nikionja nyama jikoni kabla ya wakati, nanawa kwa sabuni, najisugua majivu, natafuna majani ya mpera, kisha napita mlangoni uso mkavu kama mtoto wa mchungaji. Naye, kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, kaka amekula paja." Hakusema nyama. Alisema paja! Mama akifunua chungu, kweli, paja halipo.

Akakua, akaolewa na fundi seremala mmoja, mtu mpole sana, nadhani alikuwa akimwomba radhi hata msumari. Waliishi vizuri miaka tisa, kisha maradhi yakamchukua shemeji yangu, akamwachia mdogo wangu vyumba viwili kwenye uwanja wenye milango sita, na mama mzazi wa marehemu. Huyo mama, ambaye sote tunamwita Bibi, macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Mchana anaona vivuli, jioni haoni kitu.

Kwetu wakasema binti arudi nyumbani. Nikatumwa mimi kumchukua. Nikauosha mkokoteni wangu hadi ukang'aa, nikaenda. Nikamkuta amesimama na kikombe cha maziwa.

"Funga mizigo," nikamwambia. "Kaka yako nimekuja."

Akainua kikombe puani, akakishusha, akayamwaga maziwa uani. "Yameanza kugeuka," akasema. "Na Bibi angeyanywa hivihivi. Nikiondoka, nani atamnusia?"

Nikarudi na mkokoteni mtupu. Njiani watu walinitania kwamba nimekwenda kuoa nikakataliwa.

Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Kazi hiyo ilimlisha siku nne katika wiki, na zile tatu zilizobaki zilikuwa zinamkodolea macho. Ndipo akaanza kuja Nyuma.

Nyuma ni nyuma ya soko letu la jumla, palepale ninapobebea magunia. Hakuna jina jingine. Siku za soko kubwa, Jumanne na Ijumaa, ikifika saa nane mchana wenye vibanda humwaga huko kila kisichoweza kungoja kesho: nyanya zilizobonyea, kabichi zilizovuliwa nguo za juu, viazi vilivyokatwa na jembe shambani, samaki waliochoka, maziwa ya pakiti yaliyokaa juani. Saa kumi lori la taka linakuja kuzoa. Kati ya saa nane na saa kumi, wenye njaa wana saa mbili. Sizungumzii vichaa wala walevi. Nazungumzia watu mnaosalimiana nao asubuhi: wafua nguo, walinzi, mama wa watoto, wazee waliofanya kazi maisha yao yote mpaka mikono ikagoma. Huja na mifuko iliyokunjwa vizuri, wakijifanya wanapita tu.

Mwanzoni mdogo wangu alijiokotea vyake, anaondoka. Siku moja akaokota pakiti ya soseji, inavutia, haina doa. Akainusa, akaitupa pembeni, akaenda zake. Nyuma yake akaja jirani yake wa mlango wa tatu, Mama Pacha, aliyekuwa na mapacha wa miaka minne na sufuria tupu. Akaiokota. Mapacha walitapika siku tatu. Hawakufa, Mungu ni mkubwa, lakini siku ya pili walikuwa wamelegea kama nguo zilizolowekwa, na mdogo wangu alikaa nao usiku na mchana akiwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Hakulaumiwa na mtu. Nani angemlaumu? Alijilaumu mwenyewe.

"Nilijua, kaka," akaniambia. "Nilijua nikaitupa tu. Mwenye njaa hana miiko. Kikiwa mbele yake atakila."

Tangu siku hiyo akawa anakuja na kijembe cha mpini mfupi. Kibaya hakitupi, anakifukia. Na watu wakaanza kumletea vya kwao avinuse. Kidogo kidogo ikawa foleni. Mtu anasogea na alichopata, anampa kwa mikono miwili, yeye anafumba macho, anavuta pumzi mara moja, anatoa neno. Maneno yake ni matatu tu. *Kula. Chemsha. Zika.* Akisema zika, mwenye kitu hambishii, anachukua kijembe anachimba mwenyewe. Miaka saba! Miaka saba hakuna aliyeumwa tumbo Nyuma. Nimewahi kuwaona wenye vibanda wanaokula kwenye mahoteli wakiumwa tumbo, lakini watu wa Nyuma, hapana.

Na siku za soko alikuwa akipika sufuria moja kubwa uwanjani kwao. Kila mlango ulileta ulichonacho, huyu chumvi, huyu kuni, huyu maneno matupu, na kila mlango ulileta kibakuli. Mimi nilileta mdomo.

Sasa, mwaka huu yakapita mafua. Kila nyumba ilipiga chafya. Mimi yalinishika siku moja yakaona hapakaliki, yakaondoka. Mdogo wangu alilala siku nne, akaamka, akarudi kazini. Tukasahau.

Mimi nina mchezo wangu naye tangu utoto. Nikienda kwake naficha kitu mfukoni, kitunguu, ndimu, kipande cha tangawizi, na kabla sijavua viatu anasema, "Kaka, toa hicho kitunguu mfukoni." Hajawahi kukosea hata siku moja. Jumapili moja nikasema leo nimtie adabu. Nikachukua kichwa cha samaki kilichokaa juani tangu Ijumaa, nikakifunga kwenye gazeti, nikakitia kwenye mfuko wa koti. Njiani hata mbwa walinipisha.

"Karibu, kaka," akasema. "Kaa. Siku hizi umekuwa mgeni."

Nikakaa. Nikangoja. Akanimiminia chai. Nikajisogeza karibu. Nikapunga koti mara mbili kama kuku anayejaribu kuruka ukuta.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana. Joto."

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake karibu na dirisha, anachambua maharage kwa vidole. Akainua kichwa, akaelekeza uso kwangu.

"Mkwe wangu," akasema, "umekufa lini? Mbona hatukuitwa mazikoni?"

Mdogo wangu akacheka. Lakini kabla ya kucheka alimtazama Bibi, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyeingia katikati ya hadithi, anacheka kwa kuwa amewakuta wenzake wanacheka. Nikajisingizia kwenda kutupa kitu, nikatoka hadi bombani. Akanifuata na ndoo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Nina kichwa cha samaki cha tangu Ijumaa mfukoni."

Aliutazama mfuko wangu. Akatia mkono mwenyewe, akakitoa, akalifungua gazeti. Akakisogeza puani akavuta pumzi, akavuta tena, mabega yakapanda hadi masikioni. Kisha akakishusha.

"Hamna kitu, kaka. Kama nanusa ukuta."

"Siku ngapi?"

"Ya kumi na moja leo."

"Na Nyuma?"

"Natazama. Nabonyeza. Vingine nabahatisha." Akafungua bomba, akanawa mikono muda mrefu, sabuni mara tatu, kisha akaninyooshea viganja kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula. "Imetoka?"

Nikanusa. Ilikuwa imetoka. Nikamwambia imetoka, na nikajifanya nahangaika na kamba ya kiatu, maana mtu mwenye mabega kama yangu hapendezi akilia bombani.

"Usimwambie mtu," akasema. "Bibi hasa. Ataacha kula ili anipunguzie kazi, namjua. Na wale wa Nyuma wakijua, watakwenda kwa nani?"

"Mwachie kaka yako," nikasema.

Hapa lazima nikiri kuwa nilivimba kichwa. Miaka yote pua ilikuwa yake, mimi nilikuwa kaka yake Bi Pua. Sasa pua yangu inahitajika! Nikapanga mpango. Nitaegesha mkokoteni ubavuni mwake, nitakaa juu yake kama napumzika. Yeye atainua kitu puani kama kawaida, kisha atakiinamisha kidogo upande wangu. Nikikohoa mara moja, kula. Mbili, chemsha. Tatu, zika. Jumanne tukafanya hivyo, ikaenda kama gari lililotiwa mafuta. Nilikohoa kwa heshima zote. Mama Pacha akaniambia, "Shemeji, hicho kifua kakipimishe." Nikamjibu kwamba kifua hiki kimebeba soko zima, hakipimiki.

Ijumaa ikaja mikate.

Mikate ni nadra Nyuma. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimerudishiwa trei tatu zilizobaki madukani, mikate ya juzi, mikavu kidogo, basi. Vijana wa gari wakazimwaga na kuondoka. Aliyewahi mkate wa kwanza alikuwa Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa za mji huu miaka arobaini hadi mikono ikaanza kutetemeka, na saa haitaki mkono unaotetemeka. Alikuja nao ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Nyuma yake foleni ilikuwa imechangamka, watu wanataniana, mtu anamuuliza mwenzake atapaka nini, siagi au jamu.

Mdogo wangu akauinua mkate, akafumba macho, akauinamisha kwangu. Ulikuwa unanukia mkate. Nikajiandaa kukohoa mara moja. Wakati uleule, mpakuaji wa unga akapita nyuma yangu akakung'uta gunia lake tupu.

Sikukohoa mara tatu. Nilikohoa mara tisa. Lakini baada ya mara ya tatu mdogo wangu alikuwa ameshaacha kuhesabu.

"Zika," akasema.

Fundi Saa akasafisha koo. "Bi Pua, huu au yote?"

"Imetoka gari moja?"

"Moja."

"Basi yote, baba. Zikeni."

Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba nilisimama juu ya mkokoteni nikasema ukweli. Ningekuwa mtu wa kusifiwa kweli. Nilikaa. Nilijiambia nikisema nitamvua nguo mbele za watu, na huko ndani kabisa nilikuwa naona haya kwa ajili yangu mwenyewe, mbeba magunia mzima kushindwa kazi ya kukohoa. Wakachimba. Mama Pacha alimega kipande, akakinusa, akamtazama mdogo wangu, akakinusa tena. Pua yake ilimwambia ni kizuri, nilimwona usoni. Kisha akakitia shimoni pamoja na mingine. Fundi Saa akausawazisha udongo kwa kandambili yake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Tulipofika njia panda ya kwenda kwao sikuweza tena. Nikauangusha mkokoteni.

"Ile mikate ilikuwa mizima," nikasema. "Nilipaliwa na unga."

Akasimama. "Na ukanyamaza."

"Ningekutia aibu."

"Kaka," akasema, polepole, "Fundi Saa hajala tangu jana asubuhi."

Akageuka. Anatembea haraka yule, nilimkimbilia na mkokoteni unaogonga kila jiwe. Tulipofika Nyuma ilikuwa imebaki robo saa lori lije, watu bado wanaokota vitunguu vya mwisho. Akaenda hadi kwenye udongo mbichi, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa kijembe chake.

"Pua yangu imekufa," akasema, bila kuinua kichwa, lakini kwa sauti ya kusikika. "Ina zaidi ya wiki mbili. Mikate hii ilikuwa mizima. Nimewakosea, naomba radhi."

Mikate ilikuwa imelowa maji ya kabichi, imepondeka, imejaa mchanga. Fundi Saa akachagua pembe moja yenye ukoko mgumu, akaipangusa kwenye shati, akaipangusa tena, akaondoka nayo. Mama Pacha ndiye aliyesema.

"Ule mchuzi wa wiki iliyopita, niliowalisha wanangu?"

"Nilibahatisha," mdogo wangu akajibu.

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, na vizuri. Mama Pacha akakaza kitambaa chake kichwani, akaenda zake.

Jumanne iliyofuata hapakuwa na foleni. Watu walikuja, lakini kila mtu peke yake, wakachukua vile ambavyo hata kipofu hakosei: vitunguu, viazi, ndizi. Samaki wakaachwa. Maziwa yakaachwa. Nilimwona Fundi Saa ameshika pakiti ya maziwa, anaigeuza huku na huku, anaitazama kama saa iliyosimama. Akaiweka chini. Lori likaja likazoa vyote, vibaya na vizuri pamoja, na nina hakika nusu ya vilivyozolewa vilikuwa chakula cha watu.

Jioni hiyo jua halijazama mdogo wangu akainjika sufuria ileile kubwa, kwa mazoea. Ikaiva. Hakuna mlango uliofunguliwa. Mimi nilikaa kizingitini.

"Vibakuli leo haviji?" Bibi akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Wameshiba, mama," mdogo wangu akajibu.

"Wameshiba nini? Mkaza mwana, njoo ukae hapa." Akapapasa mkeka ubavuni mwake hadi mdogo wangu akaja akakaa. "Kuna siku uliunguza uji, unakumbuka? Uliungua na wewe umesimama juu yake unakoroga."

"Nakumbuka."

"Siku ile ndiyo nilijua."

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Na uji ukaunywa?" akamuuliza.

"Niliunywa. Ulikuwa mchungu kama maneno ya mkwe wangu huyu. Tangu siku hiyo ukienda bombani mimi natambaa hadi kwenye kapu. Nimekutolea viazi vitatu, nusu kabichi, na kile kipande cha samaki ulichosema kimeibwa na paka."

"Hakikuibwa na paka?"

"Paka yupi? Uwanja huu una paka?"

Nilicheka hadi nikajigonga kwenye mlango. Kumbe sote tulikuwa tunaisifu bahati kwamba hakuna aliyeumwa, na bahati yenyewe ilikuwa inatambaa kwa magoti kila asubuhi na kurudi mkekani kujifanya imelala.

"Mbona hukuniambia, mama?" mdogo wangu akauliza, sauti imekuwa nyembamba.

"Wewe mbona hukuniambia mimi? Miaka saba umenisomea kila kitu, hii chumvi, hii sukari, hapa ngazi, pale maji. Mimi nimekuficha lini kwamba sioni?"

Mdogo wangu akalaza kichwa kwenye bega la mavyaa wake. Bibi akawa anampapasa nywele kwa vidole vilevile vya kuchambulia maharage, kama anatafuta kokoto. Sitaandika walikaa hivyo muda gani. Chakula kilipoa, hilo naweza kuwaambia.

Kisha Bibi akaita, "Mkwe wangu! Gari lako lipo?"

"Mkokoteni, mama."

"Ndilo hilo. Ijumaa nipeleke Nyuma."

Ijumaa nikauosha mkokoteni, kama ile siku ya kwanza. Nikalaza godoro lililokunjwa. Bibi akavaa gauni lake la kutokea na kitambaa cheupe, akapanda, akashika ubao kwa mikono miwili. Mji mzima ulisimama kututazama. Mimi nilitaka kwenda kwa maringo, lakini abiria wangu hakuniachia nafasi.

"Shimo hilo hukuliona au umelifuata?"

"Ninaliona, mama."

"Basi kwa nini mimi kipofu ndiye ninayekuambia?"

Tukamketisha kwenye kreti iliyopinduliwa, mahali palepale. Watu walikuwa wametawanyika. Mdogo wangu akasimama na kijembe chake, akasema, "Huyu ni mama yangu. Pua ni yake, neno ni langu. Akikosea, nimekosea mimi." Basi.

Hakuna aliyesogea. Robo saa ikapita. Nusu saa. Nzi walikuwa wamemaliza kazi yao kwenye samaki wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa amekishika kijembe kwa nguvu, lakini hakuita mtu wala hakuondoka. Mimi nilitaka kuita. Bibi akaniwahi kwa kunifinya paja.

Ndipo akaja Mama Pacha na pakiti ya maziwa. Alisimama mbele ya Bibi, akamtazama yale macho yenye ukungu. Kisha akasogea hatua moja pembeni, akampa mdogo wangu, kwa mikono miwili.

Mdogo wangu akaipokea, akafungua pembe, akaiinua puani kwa mazoea ya miaka saba. Akajikumbuka. Akamsogezea Bibi. Bibi akafumba macho yasiyoona, akavuta pumzi ndefu, akamnong'oneza sikioni.

"Chemsha," mdogo wangu akasema.

"Mara ngapi?"

"Mpaka yafure mara mbili. Na uyamalize leo."

"Haya." Mama Pacha akapiga hatua, akasimama. "Nina vibakuli viwili kwako nilivisahau. Usivioshe, nitakuja navyo mwenyewe jioni. Yaani, nitavifuata." Akababaika kidogo. "Unajua ninachosema."

"Najua," mdogo wangu akasema.

Nyuma ya Mama Pacha alikuwa ameshasimama mwingine, na nyuma yake mwingine. Wa mwisho, lori likiwa limeshalia honi kwenye kona, alikuja Fundi Saa na samaki mmoja amemfunga kwenye kitambaa cha kupangusia saa. Bibi alinusa mara mbili, akatikisa kichwa.

"Zika, baba," mdogo wangu akasema kwa upole.

"Hata kichwa?" mzee akauliza.

"Hata kichwa!" Bibi akajibu mwenyewe. "Habari za vichwa vya samaki muulize mkwe wangu huyu. Alikivaa kimoja Jumapili nzima."

Wakacheka watu wote, na mimi nikacheka nao, maana ukichekwa na foleni nzima ni heri ujiunge. Fundi Saa hakuondoka. Alinyoosha mkono wake unaotetemeka, mdogo wangu akampa kijembe, akachimba mwenyewe. Alipomaliza akakuta viazi sita na pakiti ya maziwa vimewekwa kwenye kitambaa chake. Hakuuliza vimetoka kapu la nani.

Mpaka leo ninapoandika, pua ya mdogo wangu haijarudi. Mganga wa zahanati alisema huenda itarudi, huenda isirudi, akaandika kitu kirefu kusema hivyo. Bibi anakwenda Nyuma kila Jumanne na Ijumaa, na amenenepa, na anayatukana mashimo yote mawili ya njia panda kwa majina.

Mimi mchezo wangu sijauacha. Juzi nilifika kwao, nikasimama mlangoni, kimya, mkono mfukoni. Mdogo wangu alikuwa amenipa mgongo, anakoroga. Akaacha kukoroga.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "toa hicho kitunguu mfukoni."

Ilikuwa ndimu. Niliisukuma hadi chini kabisa ya mfuko.

"Umenipata," nikasema. "Kitunguu."

"Mwongo!" Bibi akasema kutoka mkekani. "Ni ndimu. Ilete hapa ikaminywe kwenye mchuzi."